Una Shida ya Hesabu

Ilikuwa saa nane na robo usiku. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu chini ya shuka, mwanga nimeupunguza hadi mwisho nisije nikamwamsha mke wangu. Midomo inanicheza. Nikisinzia sasa hivi, adhana ya alfajiri ni saa kumi na moja kasoro, napata muda wa saa mbili na nusu. Nikirudi kulala baada ya sala mpaka saa moja na nusu, inakuwa saa tano hivi. Nikisinzia baada ya nusu saa, toa thelathini...

"Baba watoto," akasema, hata hakugeuka. "Wewe huna shida ya usingizi. Una shida ya hesabu."

Kisha akalala. Yeye hulala hivyo, katikati ya maneno yake mwenyewe.

Neno lile liliniudhi, nikaamka nalo, na wiki zimepita bado ninalo. Hesabu ndiyo kazi yangu. Naweka vitabu vya nyumba za wageni hapa Lamu, kadhaa Mkomani na nyingine Shela, na watu hunilipa kwa sababu sikubali shilingi ipotee bila kujulikana ilikokwenda. Sasa mtu ananiambia kwamba usiku pia nafanya kazi hiyo hiyo, bila mshahara, na kwamba kazi hiyo ndiyo maradhi.

Mwanzo sikuamini. Ninaandika haya kwa sababu sasa naamini nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayonisumbua.

Wageni walirudi, usingizi haukurudi

Mwaka 2020, Machi 25, kwa ajili ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kuingia Kenya. Siku mbili baadaye ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Lamu tulikuwa tumeshaonja amri kama hiyo mwaka 2014, kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo kufunga milango mapema hakukuwa kugeni. Kilichokuwa kigeni ni vitabu vyangu. Safu ya mapato ikawa tupu, ya mishahara iko pale pale. Nyumba zikabaki na mlinzi na paka.

Wakati huo kukosa usingizi kulikuwa na maana. Nilikuwa nikijiuliza nani ataambiwa asije kazini kesho, na mtu mwenye swali kama hilo asipolala hatumshangai.

Ndege zikaanza kurudi Agosti. Amri ya usiku ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Wageni wakaja, Maulidi yakajaa tena, waliopunguzwa kazini wakaitwa. Mimi nikabaki macho.

Hilo ndilo lililonichanganya. Sababu imeondoka, ugonjwa umebaki. Nikaanza kuitafuta sababu mpya, na mtu anayetafuta sababu saa tisa za usiku hakosi kuipata.

Baadaye nilikuja kusoma habari za mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, aliyeligawa jambo hili sehemu tatu: kinachomtayarisha mtu, kinachouanzisha ugonjwa, na kinachouendeleza. Mimi nilikuwa nimekishika hicho cha pili na kukikaba koo miaka yote. Spielman anasema kilichoanzisha kinaweza kwenda zake kabisa, na ugonjwa ukaendelea kulishwa na cha tatu, ambacho ni yale mtu anayoyafanya ili apone. Kuingia kitandani mapema "ili nijaribu bahati". Kuchelewa kutoka. Kulala mchana kufidia. Kunywa kahawa ili mchana uende.

Yote hayo nilikuwa nayafanya, na nilikuwa nayafanya kwa bidii.

Kila anipendaye alinipa kitanda

Mji wetu haumruhusu mtu kuugua peke yake. Habari zikitoka mlangoni zinarudi jioni na dawa.

Mama alianza na maziwa ya moto yenye kungumanga, kidogo sana, ncha ya kisu, kwa sababu kungumanga ikizidi ni sumu na yeye analijua hilo. "Mwanangu, mato yako mbona mekundu hivyo? Kunywa, kisha ukalale." Nikaletewa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa marashi. Nikanywa. Usiku ule nililala vizuri, na sitamruhusu mtu yeyote anicheke kwa hilo. Usiku uliofuata sikulala. Nyumba ikafukizwa udi. Rafiki mmoja akanipa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, ambavyo watu wengi humeza kimya kimya kwa ajili ya usingizi. Vilinilaza kweli, lakini niliamka na kichwa kizito mpaka adhuhuri, na baada ya muda mwili ukavizoea nikawa sipati usingizi wala sipati mafua.

Mjomba, ambaye hukaa barazani kila jioni na dele lake la kahawa, alikuwa na dawa ya neno moja. Kapumzike.

Wote walikuwa wananiambia kitu kimoja, na ilinichukua muda mrefu kukiona: nenda kitandani. Nenda mapema zaidi, kaa zaidi, tutakufungia watoto chumba kingine, tutapika sisi. Kuwa macho kitandani kukawa kazi yangu ya pili, na watu wa nyumbani wakiniwezesha kwa mapenzi yao yote.

Swali la Malindi

Nilikuwa Malindi kwa shughuli za vitabu nikaamua kumwona daktari. Nilitegemea karatasi ya dawa. Badala yake akataka kuzungumza na mke wangu kwa simu.

Anakoroma? Pumzi inakatika katikati ya mkoromo, kisha anashtuka kama aliyekabwa? Miguu inapiga teke? Mke wangu akajibu yote kwa furaha, kama aliyengoja miaka aulizwe. Daktari akanieleza kwamba kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, nao una tiba yake. Mwenye ugonjwa huo hata akilala mapema vipi ataamka amechoka. Akauliza juu ya huzuni isiyoondoka, juu ya tezi ya shingoni, juu ya dawa ninazotumia. Akaniambia kukosa usingizi huhesabiwa kuwa ni sugu kukitokea angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana ukaharibika. Nilipita zamani sana.

Kisha akauliza: "Kitandani unakaa muda gani?"

Nikajibu kwa fahari kidogo. Saa tisa, wakati mwingine kumi.

"Na unalala kiasi gani?"

Labda tano. Tano na kidogo.

Akaandika namba mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine, akanigeuzia. Mhasibu hahitaji kuelezwa karatasi ya namna hiyo. Karibu nusu ya muda wangu kitandani ilikuwa mafunzo ya kukaa macho.

Tiba aliyonipa haikuwa kidonge. Ni tiba ya fikra na mienendo, na chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanze nayo kabla ya dawa. Ndani yake kuna kipande ambacho Spielman na wenzake walikitoa mwaka 1987, nacho niliposikia nilidhani nimeelewa vibaya.

Punguza kulala.

Yaani, andika daftari wiki mbili, tafuta wastani wa muda unaolala kweli, kisha jiruhusu kuwa kitandani muda huo tu, usishuke chini ya saa tano. Saa ya kuamka ni ile ile kila siku. Usingizi ukishajaza sehemu kubwa ya muda huo, asilimia 85 hadi 90 hivi, unaongeza dakika kumi na tano. Ukishindwa, usirudi nyuma kwa hasira, ngoja.

Hapa nitaweka onyo kwa sababu najua wanaosoma blogu hii. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, asijaribu hivi bila daktari. Na kama unaendesha bodaboda upande wa bara, Mokowe, au wewe ni nahodha mwenye abiria, wiki za mwanzo zina usingizi wa mchana ambao si wa mchezo. Mimi nakaa na kalamu. Nikisinzia nachora mstari tu.

Hesabu dhidi ya hesabu

Sasa mtanielewa kwa nini neno la mke wangu lilinitesa. Aliniambia nina shida ya hesabu, na daktari akanipa daftari.

Nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikaribia kuacha pale pale. Ilionekana upuuzi kumpa mlevi ufunguo wa ghala. Lakini daktari alikuwa ameweka sharti ambalo sikulitilia maanani mwanzo: daftari linajazwa asubuhi, kwa kukisia, na usiku hakuna kuangalia saa. Kabisa. Simu ilale sebuleni. Na namba ya usiku mmoja haina maana yoyote; inayoangaliwa ni ya wiki nzima.

Nimefanya kazi ya vitabu maisha yangu yote ya utu uzima na sijawahi kumfungia mteja hesabu kila baada ya robo saa. Ningemfanya mwendawazimu. Siku mbaya ya biashara unaiacha mpaka mwisho wa mwezi, unaiona imekaa wapi. Usiku, kumbe, nilikuwa nafunga hesabu kila nikigeuza ubavu, na kila nikifunga nakuta deni.

Kukaa gizani bila kujua saa kulinitisha kuliko nilivyofikiri. Na kwa Lamu si rahisi kutojua. Punda ana saa zake za kulia. Boti za wavuvi zina saa zake za kuwasha mashine. Nilijikuta nasikiliza injini ili nikadirie, nikajikemea.

Kuamka saa ile ile kila siku ndilo lililokuwa jepesi. Tuko karibu sana na ikweta, alfajiri yetu inasogea nusu saa hivi tu mwaka mzima, na mwadhini hajawahi kunikosa. Shida ilikuwa baada ya sala. Mji mzima unarudi kulala! Natoka msikitini, wenzangu wanaingia vichochoroni kwenye mashuka yao, na mimi nageukia ufukoni, natembea kutoka forodhani hadi mwanga upande vizuri juu ya kisiwa cha Manda. Daktari aliusisitiza mwanga huo: saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo inarekebishwa na nuru ya asubuhi, na ukiipata wakati ule ule kila siku, usiku nao hujipanga.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Sitaipamba.

Kisha jioni moja, baada ya Isha, nikiwa nimesimama mlangoni nikiongea na jirani, kope zikaanguka zenyewe. Nilishtuka kwa furaha. Kuchoka nilikuwa nako miaka yote. Kusinzia nilikuwa nimekusahau. Ilikuwa mapema mno, dirisha langu, yaani muda niliopangiwa kuwa kitandani, lilikuwa linafunguka saa sita usiku, ikabidi nioshe uso na kuzunguka uani nikipigana na kitu nilichokiombea dua.

Kitanda, kahawa na mchana

Mwanasaikolojia mwingine, Richard Bootzin, alisema tangu mwaka 1972 kwamba kitanda kiwe cha usingizi na mambo ya mke na mume, basi. Usipolala, ondoka, kaa kwingine, rudi ukisinzia.

Bwana Bootzin hajakaa nyumba zetu. Kwetu kitanda ndicho kiti. Mgeni wa kike akija anakaribishwa kitandani, mtoto anafanyia kazi za shule hapo, mgonjwa anazungukwa hapo na shangazi watano, nguo zinakunjwa hapo. Niliposema kitanda changu kisikaliwe mchana, mama alidhani nimefarakana na mtu. Tumepatana hivi: mkeka na mito imehamia ukumbini, na kitanda cha chumba cha ndani hakiguswi. Watoto wanakiita "kitanda cha Baba mgonjwa". Sawa.

Kahawa ilikuwa mapambano ya heshima. Ile ya mjomba, chungu, ya tangawizi, hunywewa kuanzia Alasiri, na kuikataa ni kukikataa kikao. Lakini ubongo ukiwa macho unakusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyorundikana ndivyo usingizi unavyoita. Kafeini haikiondoi; inakaa tu mahali pake ili usikisikie. Kwa mtu mzima inachukua takriban saa tano nusu yake kutoka mwilini, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado imekaa. Nami sikuwa mtu wa kikombe kimoja.

Sasa nashika kikombe kitupu. Mjomba ananimiminia hewa. Watu wa baraza wameshazoea, na mazungumzo ni yale yale.

Kulala mchana ndiko nilikobishana nako zaidi, maana maduka yanafungwa, jua limesimama, na qailula ni sunna. Sikukubali kuiacha. Nilichokiacha ni ile ya kwangu, iliyokuwa inaanza baada ya adhuhuri na kuisha Alasiri. Adenosini yote niliyoikusanya asubuhi naila mchana, kisha usiku nashangaa mbona sina. Kulala kidogo, nusu saa isifike, kunatimiza jambo bila kula akiba. Wapo watakaosema nimejipa fatwa. Sijatoa fatwa, nimeweka kengele ya simu.

Ninapoamka katikati

Bado naamka. Si kila usiku.

Mama ana neno lake: ukiamshwa usiku, unaitwa. Amka usali. Na kweli, tahajudi inafaa kabisa na agizo la Bootzin, umeondoka kitandani, taa hafifu, umetulia. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa nasali huku jicho moja liko kwa usingizi. Rakaa mbili, kisha najipima: umekuja? Haujaja? Nilikuwa naifanya sala kuwa kidonge, na hilo lilinikera kuliko kukosa usingizi kwenyewe. Sijui kama nimelimaliza. Siku hizi nikisali, nakaa baadaye darini chini ya makuti bila kurudi haraka, ili isionekane kwamba nimedai malipo.

Nilipokuwa nikitafuta faraja nilikutana na mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, aliyeandika mwaka 2001 kwamba Wazungu wa kale, kabla ya taa za mjini, walilala vipande viwili: usingizi wa kwanza, kisha saa kadhaa za kuwa macho, kisha wa pili. Nilifurahi sana. Basi mimi si mgonjwa, ni wa kale!

Halafu nikasoma kazi ya mwaka 2015 ya Jerome Siegel na wenzake, waliopima usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme wa kuwasumbua. Kwa kawaida walilala kwa mkupuo mmoja. Faraja yangu ikaanguka. Lakini humo humo nikapata nyingine, bora zaidi: wastani wao wa kulala ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, na hawakulala jua likizama tu, walikaa zaidi ya saa tatu kwanza. Watu hawa hawakuwa na malalamiko kama yangu. Wahadzabe, majirani zetu hapo tu, wanalala kiasi ambacho mimi ningekiandika kwa wino mwekundu.

Saa nane nilizokuwa nazidai kila usiku nilizitoa wapi? Nani alinikopesha?

Simaanishi kila mtu atosheke na sita. Wapo wanaohitaji nane na zaidi, na vijana huhitaji zaidi yetu. Nasema nilikuwa nadai kiasi nilichokisoma mahali, wala sikuwahi kukitazama mwilini mwangu.

Watafiti hao waliona pia kwamba usingizi uliandamana na kushuka kwa joto la usiku. Hilo kila Mwamu analijua mwezi wa Februari, kaskazi ikilegea. Kuta zetu nene za mawe ya matumbawe zinashika jua mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku. Kwa hiyo kipindi cha joto kitanda kisichoguswa nakiacha chini, napanda darini na chandalua, nimeshaoga maji ya vuguvugu. Mke wangu haji. Anasema anaweza kulala hata ndani ya tanuri la mofa, na namwamini.

Ramadhani iko njiani

Dirisha langu limepanuka, robo saa kwa robo saa, na sasa naingia kitandani saa nne na nusu. Nikipata usiku mbaya sifidii. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kutofidia.

Ninachokiwazia sasa ni mwezi mtukufu. Tarawehe, kisha baraza mpaka usiku wa manane, kisha daku, kisha mji unalala asubuhi. Ratiba yote iliyonijenga inapinduliwa, na sitaki kuwa yule anayeikimbia Ramadhani ya Lamu kwa ajili ya daftari. Nimepanga kulala mara baada ya tarawehe, saa ya daku iwe ndiyo saa yangu ya kuamka, na mchana nusu saa isiyozidi.

Mjomba anasema Ramadhani bila kahawa ya barazani haikamiliki. Tumesikilizana: kikombe kimoja baada ya futari, kisha ukwaju. Atanimiminia mwenyewe, na ameshasema kikombe atakachotumia ni kile kikubwa.